Kifuniko cha Neti

Mimi si mtu wa wanyama. Niliwahi kufuga kuku wanne nyuma ya nyumba hapa Kondele, na siku nilipomchinja wa mwisho nilipumua. Kwa hiyo kaka yangu alipoteremka kwenye gari la mizigo kutoka Lodwar, amekumbatia kisanduku cha mbao chenye kioo upande mmoja, nami nikaona kitu kinatembea ndani, neno la kwanza nililomwambia halikuwa "karibu". Nilimwambia, "Hiyo inakaa nje."

Haikukaa nje. Ilikaa juu ya meza yangu ya kupigia pasi, kwa sababu ndiyo meza pekee isiyotikisika cherehani ikikimbia, na kaka yangu alikuwa ameshaitazama na kuichagua kabla sijafunga mdomo. Pasi ikahamia kwenye kiti. Tangu siku hiyo nilinyoosha nguo za wateja nimeinama kama mtu anayepalilia, na mgongo ukanikumbusha kila jioni ni nani aliyeniletea wageni.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na mijusi wawili wa mchangani. Si hawa mijusi kafiri wetu wa ukutani wanaotembea darini na kuangukia chai. Hawa walikuwa wafupi, wanene, kila mmoja urefu wa kidole cha kati, rangi ya chapati iliyoiva vizuri, na mstari mweupe uliopita katikati ya mgongo. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko mwili ulivyostahili. Hawakuweza kupanda kioo hata kidogo. Walitembea chini kwa kunyanyua miguu mmoja mmoja, bila haraka. Na walikuwa na kope. Mjusi wa ukutani hukukodolea macho tu, lakini hawa walifumba na kufumbua, na ukiwachelewesha chakula walikutazama kwa jicho la nusu, na wewe ukajua umetazamwa.

Kaka yangu alikuwa amechimba visima Turkana kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa mashine, si kwa jembe. Kazi hiyo ilimla nyonga ya kushoto. Hakuoa. Aliishi kambini, akahama na mashine kutoka kijiji hadi kijiji, na mijusi hao aliwaokota mashine ilipofukua mchanga walimokuwa wamelala. Kama alikuwa na kibali cha kuwafuga sijui, sikuuliza. Sasa alikuwa amekuja kufanyiwa upasuaji wa nyonga kule Eldoret, na hapo kwangu alikuwa anangoja siku yake ifike.

Niseme mapema, nisije nikaonekana mbaya zaidi ya nilivyo: nilikuwa na hasira naye. Mama yetu alikufa miaka minne kabla ya siku hiyo. Tulimzika nyumbani, ndani kidogo ukitoka Katito. Kaka ndiye mtoto wa kwanza na ndiye mwanamume pekee kwetu. Hakuja. Alituma ujumbe kwamba mto umejaa umekata barabara. Tulikaa na mwili siku kumi, na katika siku hizo kumi kila simu ilipolia nilidhani ni yeye yuko stendi. Udongo wa kwanza ulitupwa na mjomba. Baada ya hapo kaka alipita Kisumu mara mbili kwa shughuli za kazi, akalala kwangu, akanywa chai, akarudi Turkana bila kufika nyumbani. Mimi nilikuwa nimejiwekea neno moja: sitamsimulia mpaka aulize. Hakuuliza.

Tukaishi hivyo wiki tatu, watu wawili wazima na mijusi wawili, tunazungumza habari za mijusi.

Siku moja kabla ya kwenda Eldoret alinisimamisha mbele ya kisanduku kama mwalimu.

"Nyaminwa, skiza," alisema. Nyaminwa ni dada kwa Kijaluo, na yeye hulitumia neno hilo akitaka kitu. "Hawa si watu ya shida. Wanataka joto, wanataka mchanga kavu, na wanataka wewe usiwaguseguse. Basi."

"Na maji?"

"Hapa kwa hii kona, kijiko moja. Siku ya tatu, kijiko moja tena. Wakitaka baridi wanachimba huko chini wenyewe. Usiwawekee kwa bakuli, hewa ya hapa iko na maji ya kutosha."

"Na mchanga ikichafuka?"

"Nimeleta ingine kwa mtungi. Usiwawekee hii ya ziwa."

"Na wakikufa?"

Aliegemea meza ili mguu mbaya upumzike. "Nikirudi nataka niwakute wawili, owadwa akipenda."

Alijiita owadwa, kaka yangu, pale ambapo wengine husema Mungu, kwa kunitania. Sikucheka, lakini sharti nililisikia. Asubuhi alipanda gari akaondoka na begi moja.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Asubuhi niliokota vinyesi kwa kijiko cha chai, kijiko ambacho nilikifunga uzi mwekundu kisirudi jikoni. Niliwasha balbu moja ya kizamani, ile ya kupata moto, juu ya jiwe bapa upande wa kulia. Stima ikipotea, nililipasha jiwe juu ya jiko na kulirudisha limefungwa kwenye kitambaa. Kaka alisema shida ya Kisumu si baridi, ni unyevu, kwa hiyo nikashona vifuko vinne vidogo vya kanga kuukuu, nikajaza mchele mkavu na kuvitundika pembeni ndani ya kisanduku vivute maji. Hilo hakunifundisha mtu. Chakula chao kilikuwa nyenje. Kuna mama anayetoka upande wa Bondo huwafuga kwenye ndoo na kuwaleta sokoni. Nami niliwaweka ndani ya beseni chini ya meza ya kukatia, pamoja na trei za mayai na mabaki ya sukuma. Kabla ya kuwatia kisandukuni niliwapaka vumbi la maganda ya mayai niliyoyasaga, ili mijusi wapate mifupa. Mchana kutwa nyenje waliimba chini ya miguu yangu. Mteja mmoja wa kanisani, aliyekuja kujaribu gauni la kwaya, alisikiliza, akatazama kisanduku, akasema nyumba yenye vitu kama hivyo inahitaji maombi. Nilimwambia ainue mkono nipime kwapa.

Jirani yangu alikuwa na mawazo tofauti. Huyu tunatenganishwa naye na ukuta wa tofali moja. Hukaanga samaki wa mbuta mbele ya mlango wake na kuwapeleka njia panda jioni. Kila alipopita aliingiza kichwa. "Fundi, wageni wamekula?" Mvua ya kwanza iliponyesha na kumbikumbi wakatoka, alikamata nusu kikombe, akawatoa mabawa mmoja mmoja kwa mikono ile ile inayopaa samaki, akaniletea. "Hii hata mimi nakula," alisema. "Wasiringe."

Hawakuringa. Yule mkubwa alitoka kwenye shimo lake, akatega kichwa, akatikisa ncha ya mkia kama paka, akaruka. Jirani alipiga kofi. Mimi nilikuwa nimeshaacha cherehani na sikumbuki ni saa ngapi niliacha. Nilikuwa nimeanza kuwapenda. Nalisema tu lilivyo, na siku hizo nisingelisema.

Jumapili kaka alipiga simu kutoka wodini. Upasuaji ulikuwa umekwenda salama. Aliongea kwa sauti ya mtu aliyemeza dawa.

"Wako?"

"Wako. Yule mkubwa amenenepa mpaka anaburuta tumbo."

"Ber," alisema, yaani vizuri, akalala simu ikiwa wazi. Nilimsikia akikoroma kidogo, ndipo nikakata.

Mvua zilipokolea, ziwa likatuletea wadudu wake. Watu wa hapa wanawajua: wanainuka juu ya maji kama moshi, upepo unawasukuma mjini, na asubuhi unafagia ndoo nzima dirishani. Kifuniko alichokuja nacho kaka kilikuwa waya wa matundu makubwa, umeshika kutu pembeni. Wadudu walipita kama hawakuona kitu. Waliangukia mchanga, wakalundikana chini ya balbu, wakafa, wakalowa, wakanuka samaki. Nilichota kwa kijiko asubuhi, na jioni walikuwa wamejaa tena. Mchanga mkavu wa Turkana ulianza kushikamana kama unga wa ugali.

Nikafanya ambacho mtu yeyote wa huku angefanya. Nikachukua neti ya mbu.

Kwetu neti haina mwisho wa kazi. Ikitoka kitandani inafunika kitalu cha mboga, inaanika omena, inazuia mwewe asichukue vifaranga, na kipande cha mwisho kinasugulia mgongo bafuni. Mimi mwenyewe nimeshona vifuniko vya chakula vya neti kwa nusu ya harusi za mtaa huu. Nilikuwa na kuukuu mbili kabatini, lakini zilikuwa na viraka, na sikutaka kiraka juu ya kitu cha kaka, aje aseme nilimfanyia kazi ya ovyo. Nilikuwa na moja mpya ndani ya pakiti yake, katika zile tulizogawiwa nyumba kwa nyumba. Nikafungua hiyo. Nilipima kisanduku, nikakata, nikakunja pindo mara mbili na kushona mishono miwili sambamba, jinsi mama alivyonifundisha, halafu nikapitisha lastiki. Kikakaa juu ya kisanduku kama kofia ya daktari wa upasuaji. Hata mdudu mmoja hakupita. Ile pakiti tupu ilikuwa imara, nikaiwekea vifungo vya blauzi.

Siku tatu nilijipongeza. Siku ya nne niliwakuta nyenje watatu chali juu ya mchanga, miguu inapiga hewa. Nikadhani wamezeeka. Nikatia wengine. Hawa walipanda mbao za kisanduku kama kawaida yao, wakajining'iniza chini ya kifuniko, na baada ya muda wakadondoka mmoja mmoja. Mijusi wakawaokota. Mimi nikatazama wakiwaokota, nikaona leo wamepata chakula kisichokimbia.

Siku ya sita yule mkubwa alitoka mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alizunguka mahali pamoja. Mkia ulitetemeka, si kwa kuwinda. Alifungua mdomo akauacha wazi. Nilimtoa na kumweka kiganjani, nami nilikuwa nimeambiwa nisimguse, na ngozi yake ilikuwa laini kama kitambaa cha ndani cha koti. Alifumba jicho moja, la pili likabaki nusu. Alikufa watoto wanatoka shule, kelele imejaa barabarani, nami nimesimama katikati ya chumba nimeshika mkono wangu mwenyewe.

Nilimlaza ndani ya kikopo cha kuwekea bobini za cherehani. Halafu nikatoka nje.

Nilikuwa nimenusa dawa ya mende kutoka upande wa jirani. Lini, sikujiuliza. Alikuwa amekaa mbele ya karai lake, samaki wanachemka.

"Umeniulia mgeni," nilimwambia.

"Mimi? Na nini?"

"Na dawa yako ya mende. Unapuliza huko, inapita kwa ukuta, inaingia kwangu."

"Nilipuliza mwezi jana, fundi. Mwezi jana! Na wewe ndio ulinipea hiyo pampu."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulinichoma zaidi. Milango ya wapangaji wenzetu katika ploti ilikuwa imefunguka. Nilisema mambo ya moshi wake, ya mafuta yake, ya nguo za wateja wangu zinazonuka mbuta, mambo ambayo nilikuwa nimeyameza kwa miaka sita na ambayo hayakuhusu mjusi hata kidogo. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Aligeuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Sawa," alisema. "Mungu akuone."

Nilimzika mjusi nyuma ya nyumba, chini ya mpapai, ndani ya kikopo chake. Niliweka kipande cha kigae juu ili mvua isimfukue. Huku kwetu kila mtu anarudishwa kwao kuzikwa, na kwao huyu palikuwa mbali mno. Nikarudi ndani kupiga pasi.

Jumapili simu ikalia.

"Wako?"

"Wako," nilisema.

Alifurahi. Akaniambia sasa anasimama kwa magongo, hatua kumi kwenda, kumi kurudi. Nilipokata simu nilitoa jasho. Si kwamba namwogopa. Mimi ndiye niliyekuwa na haki katika nyumba hii, miaka minne mimi ndiye niliyekuwa na neno la kumwambia yeye, na sasa nilikuwa nimemdanganya mgonjwa kitandani.

Yule mdogo alikuwa ameacha kula. Alikaa mdomoni mwa shimo, kichwa chini. Nilifunga dirisha la upande wa jirani, nikaziba ufa wa ukuta kwa matambara. Nyenje wakaendelea kufa.

Siku ya pili baada ya hapo alikuja mteja, blauzi yake imepoteza kifungo. Nikashusha ile pakiti, nikamwaga vifungo mezani, na wakati yeye anachambua cha kufanana, mimi nilibaki na pakiti mkononi. Ilikuwa na picha. Mtu anatundika neti kivulini. Mtu ananawa mikono. Picha ya tatu ilikuwa samaki aliyepigwa alama ya X juu yake, kumaanisha usiifulie ziwani, utaua samaki. Chini yake maandishi yalieleza kwamba neti imetiwa dawa ya kuua wadudu, na ianikwe siku nzima kabla mtu hajalala ndani yake.

Hakuna mtu Kisumu asiyejua kwamba neti ina dawa. Ndiyo sababu tunagawiwa. Ningeulizwa siku yoyote ningejibu, tena kwa kiburi. Lakini nilipokuwa naikata ile neti, nilikuwa nakata kitambaa.

"Hii inafanana," mteja alisema.

"Chukua," nilimwambia. "Chukua uende, nitashona kesho."

Nilivua kifuniko. Chini yake nyenje wawili walikuwa wameshikilia kwa mguu mmoja mmoja. Nilimtoa mjusi mdogo kwa kijiko chenye uzi mwekundu, nikamtia ndani ya sufuria, nikamwaga mchanga wote, nikasugua kisanduku kwa sabuni mara tatu na kukianika. Mchanga wa mtungini haukufika hata nusu ya sakafu yake. Kwenye ploti ya pili walikuwa wanajenga, na palikuwa na lundo la mchanga wa mto ulioletwa na lori kutoka Nyakach, upande wa kwetu, lakini ulikuwa umelowa kwa mvua. Ulihitaji kukaangwa. Sufuria zangu ni ndogo. Karai kubwa la kukaangia lilikuwa moja tu katika ploti yetu, na nilijua ni la nani.

Alikuwa anapaa samaki. Nilisimama mbele yake.

"Ni mimi," nilisema.

"Nini?"

"Niliua mimi. Ni ile neti niliweka juu."

Kisu kilisimama. "Neti gani? Ile mpya?"

"Ile mpya."

"Yawa! Na si hiyo iko na dawa?"

"Iko."

Alinitazama muda mrefu, magamba yamemshika mpaka viwikoni. "Na ulikuja kunipigia kelele mbele ya watu."

"Nilikuja."

"Basi niombe msamaha mbele ya watu." Akapaza sauti. "Nyinyi! Tokeni kidogo, fundi ako na neno!"

Walitoka wote, hata yule mlinzi ambaye mchana hulala. Nikasema maneno yangu, nimesimama nimeshika aproni kama mtoto aliyevunja kikombe. Niliona aibu, na ilikuwa haki yangu. Nilipomaliza jirani alitikisa kichwa akaridhika.

"Sasa unataka nini? Najua uko na kitu unataka."

"Karai."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alinipa lile kuukuu, lenye mpini mmoja, na akaja mwenyewe kunishikia moto. Tulikaanga mchanga wa Nyakach kama karanga, tukageuza kwa mwiko, tukauchekecha kwa chekecheke ya unga, na kila aliyepita alituuliza tunauza vipi.

Siku tisa yule mdogo hakula. Kifuniko cha waya kilirudi juu, na wadudu wa ziwani niliwachota kwa mkono asubuhi, adhuhuri na jioni bila kulalamika. Jumapili nyingine ilipita, nikasema tena wako. Siku ya kumi nilihesabu nyenje, nikakuta mmoja hayupo. Nilitafuta chini ya jiwe, nyuma ya vifuko vya mchele. Hakuwepo. Nikagonga ukuta wa jirani mara mbili, naye akagonga mara mbili. Hatukuwa tumepatana ishara hiyo, lakini alielewa.

Kaka alirudi Jumatano, kwa magongo, amepungua, shati linamcheza mabegani. Nilikuwa nimepanga kumwambia akishanywa chai. Nilikuwa pia nimepanga, nisifiche, kumwambia kwamba mkubwa alitoroka. Nilikuwa na uongo huo tayari, umenyooka vizuri.

Nilimkalisha kwenye kiti cha wateja, na kiti hicho kinaangalia cherehani. Juu ya cherehani, kwenye msumari, nilikuwa nimetundika kile kifuniko cha neti. Nilikitundika ili kinione kila nikikaa kufanya kazi. Sikufikiria kwamba kitamwona na yeye.

Alinyoosha gongo, akakitungua, akakishika pindo kwa vidole viwili. Alivuta lastiki, akaiachia.

"Hii ni mshono ya mama," alisema. "Hii mbili mbili."

"Ndiyo."

"Ulishonea hawa?" Alitabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo tangu tukiwa watoto. "Nyaminwa. Umewashonea kofia."

Uongo wangu ukakosa pa kukaa. Nilimwambia yote, neti, nyenje, jirani, simu mbili za Jumapili. Nilizungumza nimesimama. Alikiweka kifuniko magotini na kukilaza sawa, akatazama kisanduku, ambamo mjusi mmoja alikuwa ametoa kichwa shimoni na kukitazama chumba kwa jicho la nusu.

"Ni yule mkubwa amekufa?"

"Ni yule mkubwa."

"Na mimi nauliza, na wewe unasema wako."

"Nilikuwa nakudanganya."

Alitafuta magongo yake. "Umezika wapi?"

"Hapo nyuma. Kwa mpapai."

"Nionyeshe."

Tulitoka. Kutoka mlangoni hadi mpapai si mbali, lakini kwa nyonga mpya ilikuwa safari, na kila hatua aliyopiga hasira yangu ilipanda ngazi moja. Jirani alikuwa kwenye karai lake, mwiko juu. Kaka alifika, akaona kigae, akasimama ameinamisha kichwa vile watu wanavyosimama kaburini. Hapo nikashindwa.

"Mjusi umeuliza siku ya kwanza," nilimwambia. "Hata chai hujakunywa. Mama ni miaka minne. Miaka minne nakungoja uniulize!"

Nilipiga kelele, ndiyo. Jirani yangu, ambaye hajawahi kukosa neno la mtu katika ploti hii, aliweka mwiko chini, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kaka hakuinua kichwa.

"Maji ya ule mto ilishuka siku ya pili," alisema. "Gari ilikuwa inapita. Niliona ikipita."

Nilishika shina la mpapai.

"Nilikuwa nimepanga nguo kwa begi. Nikaogopa. Kila siku nikasema kesho, mpaka mkazika. Halafu sasa nikaogopa wewe."

Wali wa mtu uliungua mahali fulani katika ploti. Alihamisha uzito kutoka gongo moja hadi la pili.

"Mlimweka upande gani ya nyumba?"

Mjaluo yeyote anajua. Mke huzikwa upande wa kushoto wa nyumba yake, mume upande wa kulia, na yeye mwenyewe alikuwepo tulipomzika baba.

"Kushoto," nilisema. "Wangemweka wapi?"

"Najua ni kushoto," alisema. "Nataka wewe uniambie."

Nikamgeuzia ndoo akae, kwa sababu ile nyonga haikuwa ya kusimamia habari ndefu. Nami nikakalia jiwe la kufulia, na nikaanza na asubuhi ile ya mwisho, mama aliponiita nimtungie uzi kwenye sindano.